Kabla ya kumsimanga mke, muulizeni mume anapiga dawa gani

Jumapili iliyopita, kwenye kikao cha ukoo, shemeji yangu aliulizwa tena mbele za watu kwa nini hashiki mimba. Ameshapimwa, ameshasafishwa, mizizi ya kila aina ameshainywa. Mumewe, mdogo wangu, anayelima nyanya Ilula mwaka wa sita sasa, hakuulizwa hata neno.

Mimi nimemwona shambani. Pakiti ya dawa ya wadudu anaichana kwa meno, dawa anaikoroga kwa mkono mtupu. Bomba lake linavuja, maji ya dawa yanateremka mgongoni mpaka suruali inaloa kiunoni, na kesho yake anaivaa hiyohiyo. Nikamwambia avae glovu. "Kaka, na jua hili?"

Homoni ya kiume, testosteroni, hutengenezwa kwenye korodani kwa amri inayotoka kichwani, na zipo dawa za wadudu zinazoivuruga. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba DDE, mabaki ya dawa ya wadudu ya DDT mwilini, huziba mahali ambapo homoni hiyo hufanyia kazi. Mwaka 2006, nchini Marekani, wanaume waliokuwa na mabaki mengi zaidi ya klopirifosi, dawa nyingine ya wadudu, kwenye mkojo walionekana kuwa na testosteroni pungufu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni habari ya Lathrop, California. Kiwandani pale walitengeneza DBCP, dawa ya minyoo ya udongoni. Mwaka 1977 wafanyakazi wenyewe, katika maongezi yao tu, wakashtuka: mbona wengi wetu hatupati watoto? Walipopimwa, wako waliokutwa hawana mbegu hata moja. Na tangu 1961 utafiti uliochapishwa ulikuwa umeonyesha dawa hiyo ikisinyaza korodani za panya. Miaka 16! Watu wazima wakaachwa waigundue hatari kwa kuhesabu watoto ambao hawakuzaliwa.

Sawa, si kila mwanaume asiyezaa ameharibiwa na dawa. Kuna matubwitubwi, kuna mishipa ya korodani iliyovimba, na wakati mwingine tatizo kweli liko kwa mke. Lakini hayo utayajuaje kama mume hajapimwa? Wazee wangu, mnamwita binti wa watu tasa, na mwanenu hamjamwuliza hata analowa dawa mara ngapi kwa wiki!

Alhamisi nilimpeleka mdogo wangu kupima mbegu. Shemeji alikuja pia. Alikaa kwenye benchi la hospitali kimya, amepakata koti la mumewe, kwa mara ya kwanza akiwa msindikizaji.