Fuvu la Zinjanthropus: libaki Dar au lirudi Olduvai?

Ukiingia Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, Dar, utaoneshwa fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, magego makubwa ajabu na ule ukingo wa mfupa juu ya utosi ulioshika misuli ya kutafunia, watu wanapiga picha wanasonga, kumbe ile ni kopi. Lenyewe limefungiwa stoo. Ndo maana kuna wanaosema kama mnalificha tu, lirudisheni Olduvai, lile bonde la kule Ngorongoro lilikotoka.

Na wana hoja nzito hawa. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, aliliona pale tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis siku hiyo kalala kambini na homa. Louis mwenyewe alikisia lina miaka kama laki sita hivi, ni yale majivu ya volkano ya bondeni yalipopimwa 1961 ndo ikajulikana ni milioni 1.75, sasa ukilitenga na lile bonde unakuwa umeliondolea nusu ya habari yake. Isitoshe tangu 2017 Olduvai pana makumbusho mapya, na watalii wa Serengeti wanapita palepale kila siku.

Ila tuulizane, mtoto wa shule wa Mbagala anafika lini Olduvai? Gari la kukodi, kiingilio cha hifadhi, pa kulala, wakati Posta anashuka kwenye daladala anatembea kidogo kafika. Halafu hili fuvu limeshazunguka vya kutosha, Nairobi, Leopoldville (Kinshasa ya leo), Johannesburg kwa mwanasayansi Phillip Tobias aliyelichunguza, likaja kutua Dar 1965 nchi ikiwa huru, ndani ya jengo lililofunguliwa 1940 kumkumbuka mfalme wa Uingereza, George wa Tano! Mi naona kukaa kwake mle kuna utamu wake.

Hoja ya usalama ndo ngumu kuliko zote. Waethiopia walimpeleka Lucy, yale mabaki yao maarufu ya mifupa ya kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, Marekani 2007, wanasayansi wakapiga kelele, makumbusho ya Smithsonian ya hukohuko Marekani wakakataa kumpokea wakisema mifupa ya namna ile haifai kusafirishwa. Alirudi salama 2013 sawa, lakini kikivunjika hakuna dukani. Na hapa ndo watu wa Olduvai wananipoteza, maana wakipewa leo na wao watalitia kwenye sefu, waweke kopi kwenye kioo, mgeni aone kilekile anachoona Dar, tofauti ni nauli tu.

Kwa hiyo mi nasema libaki Dar, ila kulifungia mwaka mzima siafiki kabisa. Tarehe 17 Julai ipo, litolewe siku chache kila mwaka, kabati linalodhibiti joto na unyevu (hewa ya bahari pale si mchezo), walinzi wawili watatu, shule za mkoa zipangiwe zamu. Hiyo ni bajeti ya kawaida tu, wizara ikitaka inaweza kuanza hata na Julai ijayo.