Nota mpya zimejaa, ila tunazopiga Dar hazimo

Wachapishaji wakubwa wa nota za bendi za vyombo vya kupuliza hawachoki. Hal Leonard na Alfred wa Marekani, De Haske na Molenaar wa Uholanzi, kila msimu wanamwaga vipande vipya. Unaingia kwenye tovuti zao, unasikiliza rekodi bila kulipa hata senti huku kurasa za nota zikifunguka mbele yako. Mwalimu wa bendi wa hapa Dar es Salaam akijiachia anakesha. Mimi nimekesha sana, na naona wingi ule unadanganya.

Chukua vipande vya daraja la kwanza, la wanaoanza, kwa ile ngazi ya ugumu ya Kimarekani ya 1 hadi 6. Tarumbeta zinapiga hodi, katikati muziki unapoa, kisha mbio hadi mwisho na toazi moja kubwa. Majina ndiyo yanayobadilika: dhoruba, mlima, zimwi, treni.

Sasa fungua seti yenyewe, yaani karatasi za kila chombo. Filimbi, obo, basuni, klarineti ya kwanza hadi ya tatu, klarineti ya besi, saksafoni za kila ukubwa, honi, ndipo unafika kwa vijana wako wa tarumbeta na tromboni. Bendi ya kawaida ya usharika hapa mjini ina tarumbeta, tromboni, tuba iliyochomelewa mara kadhaa, ngoma na matoazi. Saksafoni ni bahati. Mtunzi kampa obo wimbo wote wa katikati, baa (vipimo vya muziki) nane, wengine wameshikilia noti ndefu. Mazoezini baa hizo zinapita na kinachosikika ni noti ndefu na feni ya ukumbini. Wachapishaji waungwana huweka vinoti vidogo vya akiba kwenye karatasi ya klarineti ili mpigaji wake aokoe jahazi. Klarineti nayo hatuna. Na seti kama hiyo inaanzia kwenye dola 50 hivi, yaani zaidi ya shilingi laki moja kwa kipande cha dakika tatu ambacho nusu ya karatasi zake zitalala kabatini.

Kuna na ugomvi wa toni moja, yaani hatua moja nzima ya sauti. Bendi za Kilutheri na Kimoravian zina mizizi ya Kijerumani, na Wajerumani kwenye bendi zao za kanisa, Posaunenchor, huandika sauti kama inavyosikika. Mpiga tarumbeta ya B-fleti akipuliza bila kubonyeza kitu, kwake hiyo ni B-fleti, kwa sababu anasoma kitabu kile kile cha mpiga kinanda. Mchungaji Johannes Kuhlo, aliyefariki 1941, aliusambaza sana mtindo huo. Mmarekani na Mwingereza sauti hiyo hiyo wanamwandikia kama C, toni moja juu. Sasa mkalishe kijana aliyefunzwa Kijerumani kando ya kijana aliyefunzwa jeshini kwa mtindo wa Kiingereza, wape karatasi moja mpya kutoka Marekani. Wa kwanza atakuwa toni moja juu ya mwenzake, na kila mmoja ataapa kwamba ni yule mwingine anayekosea. Bendi ya namna hiyo ingefaidika zaidi na kitabu kipya cha korali (nyimbo za kanisa) kutoka Ujerumani kuliko mazimwi yote ya Marekani.

Kitu kipya ninachokisifu bila kusita ni zile wanazoziita fleksi. Muziki unaandikwa kwa sehemu nne au tano tu, na kila sehemu inatolewa kwa vyombo vingi tofauti, kwa hiyo sehemu ya pili anaweza kuishika yeyote uliye naye. Zilikuwepo zamani, lakini 2020 korona ilipotawanya bendi za shule huko kwao, wachapishaji walizikimbilia. Walikuwa wanajitibu wenyewe, dawa ikatufaa sisi.

Halafu kuna kipande cha “Afrika”. Katalogi nyingi hazikikosi: djembe, makofi, na mara nyingine watoto wanaoimba neno moja la Kiswahili mpaka unalichukia. Djembe ni ya Afrika Magharibi, jamani. Huku pwani tuna msondo, vumi na chapuo.

Na mji huu kazi ya kuufanya muziki wa kigeni kuwa wake uliianza zamani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza vyama vya beni, Marini na Arinoti, vilichukua paredi na matarumbeta ya wakoloni vikayafanya ngoma ya mjini, na ushindani wake ulikuwa wa kukomoana. Leo Jumamosi yoyote simama Mwenge: pikapu ya matarumbeta inapita mbele ya gari la maharusi, tromboni imening'inia nje, na hakuna karatasi hata moja. Yote ni ya sikio. Muziki unaopigwa zaidi na bendi za Dar haujaandikwa, na katalogi ya Uholanzi haitatuandikia. Tuuandike wenyewe.

Kisingizio cha hakimiliki kipo, lakini hakifungi kila mlango. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, kwa hiyo kwake omba ruhusa na ulipe. Salum Abdallah wa bendi ya Cuban Marimba alifariki 1965, hesabu mwenyewe. Nyimbo za ngoma za zamani zisizo na mtunzi anayejulikana ni nyingi zaidi ya hapo, ila ulizia kwanza masharti ya kuziuza. Programu ya kuandikia nota ya MuseScore ni ya bure, na mwalimu wa kwaya anayesoma solfa (do, re, mi) tayari ana sauti nne mkononi, ambazo ndizo hasa fleksi inazotaka.

Nani atazinunua nota hizo? Polisi wana bendi, JWTZ, JKT na Magereza pia, na sharika za Dar mpaka Mbeya zina vijana wenye matarumbeta. Ila bei isizidi shilingi elfu ishirini kwa seti. Ikizidi hapo, stesheneri ya jirani itatoa kopi kabla wino wa nakala ya kwanza haujakauka, na sehemu ya tuba ndiyo itakayopotea kwanza.