Gredi Wani Yangu Imekuwa ya Mkia

Mimi ni fundi wa kuchomelea, Ngamiani hapa hapa Tanga. Barabara ya ngapi siwaambii, maana wanaonidai nao wanasoma simu. Mkipita mtaani mkaona geti lina simba wawili, mmoja simba kweli na mwenziwe kafanana na mbuzi wa akika, hilo ni geti langu la 1992. Nilikuwa najifunza. Simba wangu wa siku hizi wote ni simba.

Zaidi ya miaka thelathini nameza moshi. Usiku macho yanawasha kama yametiwa pilipili, mke wangu ananikatia kiazi kibichi ananibandika, nalala nimefanana na sambusa iliyofunguka. Vijana niliowafundisha siwezi kuwahesabu. Wengine wana magari, mimi nina baiskeli. Tanga baiskeli si aibu, lakini nayo ina kiasi chake.

Sasa mji huu umechangamka. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linakuja kuishia Chongoleani hapo ng'ambo, na kila aliyewahi kushika koleo anajiita mhandisi. Mimi kwenye bomba sikwenda, najijua. Nikasikia kuna kampuni nyingine, jina nalimeza, inajenga maghala na inataka wachomeleaji. Nikasema hii ya saizi yangu. Nikavaa shati la Idi, nikafungua sanduku la mama watoto, chini kabisa ya kanga zake za harusi, nikatoa vyeti.

Hapa kijana uliyezaliwa juzi inabidi uelewe kitu. Sisi wa zamani tulifanya tredi testi, yaani mtihani wa ufundi. Unaanza Gredi Thrii, ndiyo ya chini. Ukikomaa unapanda Gredi Tuu. Ukiwa fundi wa kutazamwa na mafundi wenzako, unapata Gredi Wani, unakaa mkao wa bwana harusi. Ni kama mbio za baiskeli: wa tatu, wa pili, wa kwanza. Thrii yangu ni ya 1991, Tuu ya 1993, Wani ya 1996. Siku nimeipata hiyo Wani marehemu baba alichinja jogoo, na baba yangu hakuwa mtu wa kuchinja ovyo.

Nafika ofisini, nakuta binti mdogo, heshima zote.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu."

Akachukua Gredi Wani yangu, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akanitazama kwa huruma, kama daktari anayetafuta pa kuanzia.

"Mzee, sisi tunataka Levo Thrii. Wewe uko Wani."

"Mwanangu, hiyo Wani ndiyo kilele."

"Hapana mzee. Wani ndiyo ya kuanzia. Kuna Levo Wani, Tuu, Thrii, halafu unaingia NTA 4."

Nikamwuliza na hiyo nne ni ya nini. Akanieleza vizuri tu, mtoto kasoma. Kumbe ufundi stadi una levo tatu, ukizimaliza unakuta ngazi nyingine ya vyuo, ndiyo hiyo NTA, imeanzia 4, inapanda mpaka 10, na huko juu 10 ni udaktari. 6 ni diploma, 8 ni digrii. Yaani wameijenga ngazi juu ya ngazi, halafu wameipindua. Mimi niliyedhani niko kwenye paa, nimeambiwa niko kwenye kizingiti na sijavua viatu.

Shetani akanipitia. Nikatia mkono kwenye bahasha, nikatoa ile Gredi Thrii ya 1991. Ile niliyoipata nikiwa naunganisha vyuma viwili asubuhi, jioni vimeachana bila talaka. Nikaiweka mezani kimyakimya.

Binti uso ukakunjuka. "Hii hapa! Mzee, mbona ulikuwa unaificha?"

Nikasema Alhamdulillahi, leo uchanga wangu umenifaa. Lakini binti anasoma tarehe. Akaviweka vyeti vitatu kwa mstari, 1991 Thrii, 1993 Tuu, 1996 Wani, akashusha sauti.

"Mzee, samahani. Mwanzo ulikuwa vizuri sana. Hapa katikati palitokea nini? Ulikuwa unaumwa?"

Nambie ungejibu nini wewe. Nikaanza kumweleza habari za tredi testi, kwamba sheria iliyoanzisha VETA, mamlaka ya ufundi stadi, ni ya 1994 na namba zetu zilikuwa zimeshatangulia kabla ya hiyo. Kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyofanana na mtu anayeomba nauli stendi ya Kange. Akamwita bosi wake. Bosi naye kijana, suruali imembana utadhani alishonewa akiwa ameivaa. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee nenda karasimishwe."

Mimi na umri wangu. Nimeoa, nimezaa, nimezika wazazi, kumbe muda wote huo sikuwa rasmi.

Nikarudi nyumbani nakanyaga baiskeli huku nafikiri habari ya namba, na nikaona tatizo hili silo langu peke yangu. Nchi hii namba za elimu hazijawahi kukubaliana ziende juu au chini. Chukua kidato cha nne. Divisheni Wani ni pointi 7 mpaka 17, na mwenye 7 ndiye mbebwa juujuu. Mwenye pointi 34 au 35 amepata sifuri. Pointi thelathini na tano zote ameokota peke yake, halafu unamwambia ana sifuri! Pale Mkwakwani ukimweleza shabiki wa Coastal kwamba timu yenye pointi nyingi ndiyo inayoshuka daraja, hutoki uwanjani na meno yako.

Halafu, kama vile hatujachanganyikiwa vya kutosha, 2013 tukatangaziwa kwamba divisheni ziro inaondoka, inakuja divisheni faivu. Watu walicheka mpaka vibarazani kahawa zikamwagika. Mzee mmoja wa bao alisema sasa tumepata maendeleo, zamani mtoto alikuwa anarudi hana kitu, sasa atakuwa anarudi na tano. Haikuchukua muda ikarudishwa ilikotoka.

Ikaja GPA, yaani wastani wa pointi. Hiyo ndiyo ilimkuta mwanangu Bakari, aliyemaliza kidato cha nne 2014. Matokeo yakatoka hayana divisheni, yana Distinksheni, Meriti, Krediti na Pasi. Bakari akaja mbio, "Baba nimepata Krediti!" Nikashika kichwa. Mimi neno hilo nalijua kwa Mpemba wa dukani, na maana yake ni kwamba jina lako liko kwenye daftari lake. Nikamwuliza, "Unadaiwa shilingi ngapi?" Mama yake naye akauliza mtoto wa jirani kapata nini, akaambiwa Pasi, akanuna siku mbili: wenzetu wamepata pasi, sisi bado tunakunja nguo chini ya godoro.

Jogoo akabaki bandani anasubiri tafsiri. Mpaka tunapata mtu wa kutufafanulia, jogoo kazeeka. Na 2016 waziri mpya akaifuta GPA, divisheni zikarudi kama hazikuwahi kusafiri. Kaka yake Bakari divisheni, wadogo zake divisheni, yeye peke yake GPA katikati, kama mtoto aliyezaliwa tarehe 29 Februari. Kila anapopeleka cheti mahali inabidi aanze na historia ya nchi.

Ngoja, sijamaliza na serikali yangu, na hapa nasema kwa upendo. Januari 2025 Rais amezindua sera ya elimu, ile ya 2014 toleo la 2023. (Na hiyo nayo: ya 2014, imetolewa 2023, imezinduliwa 2025. Mtu wa hesabu za bao hapo anaweka kete chini anakwenda kuswali.) Shule ya msingi inakuwa miaka sita, darasa la saba linaaga. Jambo zuri, mimi silipingi. Hata mimi darasa la saba sikumbuki nilisoma nini zaidi ya kumwagilia bustani ya mwalimu. Shida iko nyumbani kwangu. Zuhura yuko mbele ya Salimu kwa darasa moja. Zuhura ni wa mtaala wa zamani, atamaliza la saba 2027. Salimu ni wa mtaala mpya, atamaliza la sita 2027. Januari 2028 wote wawili kidato cha kwanza, siku moja, baba mmoja, mfuko mmoja. Sare mbili, mabegi mawili, viatu jozi mbili, madaftari hayo usiseme. Nilipozaa nilipanga vizuri kabisa, nikaacha nafasi katikati. Nafasi yangu imefutwa kwa waraka.

Zuhura anajua kuringa kwa dada mkubwa. Nilipomweleza alikaa kimya, akauliza, "Sasa Salimu atanipa shikamoo au hatonipa?"

Na huko sekondari kuna mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali. Mama mkwe wangu aliposikia neno amali alinyanyua mikono juu: "Alhamdulillahi, hatimaye serikali inawafundisha watoto amali njema!" Akatoa na elfu mbili ya sadaka. Ikabidi nimweleze taratibu kwamba amali hii ni useremala, umeme, ushonaji, kilimo, kuchomelea. Akashusha mikono. "Kuchomelea? Kama wewe?" Akaniomba elfu mbili yake.

Mimi nauunga mkono mkondo huo, na si kwa kujipendelea. Tena Tanga tusijifanye wageni wa amali. Wajerumani walipofungua shule yao ya serikali hapa miaka ya 1890, vijana hawakuishia kukariri. Kulikuwa na ufundi, na gazeti la Kiongozi lilichapwa hapa hapa Tanga. Zaidi ya miaka mia moja baadaye tunaambiwa amali ni kitu kipya. Sawa. Nguo ya mtumba nayo ni mpya kwa aliyeinunua leo.

Turudi kwenye kurasimishwa kwangu. Utaratibu wenyewe, niseme ukweli, si mbaya. Kuna mpango wa kuwatambua mafundi waliojifunzia gereji na vibandani, sisi tunaoitwa spana mkononi. Anakuja mtathmini, anakutazama ukifanya kazi, anakuuliza maswali, penye upungufu wanakunoa kidogo, unapewa cheti cha levo unayostahili. Nikajiandikisha. Siku ya siku nimefagia kibanda, nimepanga vyuma, nimewatoa kuku. Inasimama pikipiki, anashuka mtathmini, anavua helmeti.

Nani? Mohamedi! Mwanagenzi wangu wa 2005! Huyu ndiye aliyenichomea pindo la suruali, mimi nikiwa ndani yake. Huyu ndiye niliyemtuma vijiti vya kuchomelea akarudi na vijiti vya meno. Sasa ana kalamu tatu mfukoni na fomu.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mohamedi, wewe ndiye unanipima mimi?"

"Kazi tu fundi. Naomba uanze."

Nikaunga chuma pale, mshono umelala sawasawa kama msuko wa nywele za bibi harusi. Akainama, akautazama, nikaona macho yanamlenga machozi. Au moshi, sijui. Akaweka tiki. Nikasema imekwisha hiyo. Kumbe bado.

"Fundi, taja vifaa vya kujikinga vya mchomeleaji."

Nikajitazama. Miguuni kandambili. Mkononi soksi ya Salimu niliyoikata vidole. Machoni miwani ya jua ya mtumba, kioo kimoja kina ufa. Nikasema, "Miwani."

"Na vingine?"

"Bismillahi."

Mohamedi akafuta kijasho. Akaanza kuvitaja mwenyewe: kofia ya uso mzima, glovu za ngozi, aproni, buti, kizimamoto. Kila anachokitaja nakikumbuka kwa kovu lake. Glovu, kovu la kidole gumba. Buti, unyayo wa kushoto. Aproni, kitovuni hapa, siwezi kuwaonyesha. Hapo, jamani, mtoto alikuwa na haki, na mimi ndiye niliyemfundisha miaka minne kazi hii bila kumwambia hata moja ya hayo. Nikakaa darasani siku zangu walizonipangia, mbele kabisa, na nikanunua kofia.

Cheti kikatoka. Levo Tuu. Thrii nitaisubiri, amesema Mohamedi, upande wa kusoma michoro nijinoe. Nikakipeleka nyumbani, mama watoto akakitundika ukutani pembeni ya ile Gredi Wani. Akarudi nyuma hatua mbili, kashika kiuno.

"Baba Zuhura, ulikuwa Wani. Sasa uko Tuu. Umepanda au umeshuka?"

"Mama Zuhura, nimepanda."

"Mbona mshahara sijauona?"

Nikatoka nje kutazama baiskeli kama ina upepo.

Wiki iliyopita simu ikaita. Yule binti wa ofisini. Mapigo ya moyo yakaenda mbio, nikajua nafasi imepatikana. Kumbe geti la nyumbani kwao limeng'oka bawaba, na mama yake amemwambia amtafute yule mzee wa simba. Cheti hakuuliza. Levo hakuuliza. Nikaenda, nimevaa na kofia, nikalitazama geti.

"Elfu themanini, mwanangu."

"Jamani mzee wangu! Fanya thelathini."

"Mwanangu, si wewe uliyenifundisha? Namba ikiwa kubwa ndiyo ya juu."

Akacheka mpaka akashika geti, nalo likaanguka. Nikapandisha ikawa tisini.