M26.00: taya lisilotajwa ni taya gani?

Karani wa misimbo anafungua faili la mgonjwa na kukuta mstari mmoja wa daktari: "Taya la chini limetokeza, kutafuna ni shida." Kazi yake ni kuugeuza mstari huo kuwa msimbo. Katika ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya magonjwa ambayo hospitali za Marekani zinaitumia tangu Oktoba 1, 2015, kasoro kubwa za ukubwa wa taya zimewekwa chini ya M26.0. M26.01 ni taya la juu lililokua kupita kiasi, M26.02 ni la juu lililodumaa. M26.03 na M26.04 ni hayo hayo kwa taya la chini. Kidevu kikubwa mno ni M26.05, kidogo mno M26.06. Halafu ipo M26.00: kasoro ya ukubwa wa taya, aina haikutajwa.

Mkono unakimbilia M26.03. Si taya la chini limetokeza? Lakini daktari hakuandika kwamba limekua, kaandika limetokeza. Huenda ni kubwa kweli. Huenda taya la juu ndilo lililodumaa, na la chini likaonekana kubwa kwa sababu ya jirani yake. Mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja. Tena kutokeza ni habari ya mahali taya lilipo, si ya ukubwa wake, na mahali pana fungu lake, M26.1, la uhusiano wa taya na kitako cha fuvu. Mstari mmoja wa daktari una milango minne, na karani hana haki ya kuchagua hata mmoja.

Wanaotetea misimbo ya kina wana hoja nzito, na mimi niko karibu nao. Eksirei ya kichwa ya ubavuni hupimwa pembe kutoka kwenye fuvu hadi mbele ya kila taya. Kwa vipimo alivyochapisha Cecil Steiner, daktari wa kupanga meno, mwaka 1953, taya la juu huwa karibu digrii 82 na la chini karibu digrii 80. Chukua mgonjwa mwenye 76 juu na 80 chini. Kwa jicho, taya lake la chini limetokeza. Kwa kipimo, liko pale pale linapotakiwa, na la juu ndilo lililobaki nyuma. Hapo daktari wa upasuaji atafikiria kulivuta la juu mbele. Asipolitambua hilo akalirudisha nyuma la chini, atakata mfupa usio na kosa na kuipunguza nafasi ya hewa nyuma ya ulimi. Hapo ndipo tofauti ya M26.02 na M26.03 inapomgusa mtu mwilini.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Taya la chini huendelea kukua hadi mwishoni mwa ujana, kwa hiyo jina analopewa mtoto wa miaka 9 linaweza kuwa si lake akifika 17. Vile vipimo vya Steiner navyo vilitokana na sura za Wamarekani weupe, na wastani hutofautiana kati ya jamii na jamii. Ukivishika kama sheria, utamwandikia kasoro mtu ambaye sura yake ni ya kawaida kabisa kwao. Halafu kuna bima. Msimbo wa "haikutajwa" huzaa maswali na kucheleweshwa kwa malipo, hasa kwa upasuaji ambao bima hushuku kuwa ni wa urembo, kwa hiyo anayejaza fomu anasukumwa kuonyesha uhakika ambao hakuna aliyeupima.

Miongozo rasmi ya Marekani iko wazi zaidi kuliko wengi wanavyodhani: andika kwa kiwango cha uhakika kilichopo siku hiyo, na usichague msimbo wa kina ambao maelezo ya daktari hayaubebi. Kwa maana hiyo M26.00 siku ya kwanza, kabla ya eksirei, ni jibu la kweli. Ikiwa bado iko pale baada ya vipimo kurudi, ni uzembe, na uzembe huo ni wa daktari. Karani anachoweza ni kumrudishia faili na swali moja: taya lipi, limekua au limedumaa?

Hata msimbo uliochaguliwa vizuri haumalizi habari. M26.04 inasema taya la chini ni dogo. Haisemi kwamba mwenye nalo anakatika pumzi usingizini. Hilo lina msimbo wake, G47.33, na usipoandikwa pembeni, kilio chake cha pumzi kinageuka kuwa suala la sura tu.

Linaloniogopesha zaidi ni katazo lililo chini ya M26.0: msimbo huu usiandikwe pamoja na E22.0, yaani akromegali, ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi, wala Q87.0, ambako yumo mtoto mwenye sindromu ya Robin, anayezaliwa na taya dogo na ulimi unaoanguka nyuma kuziba njia ya hewa. Fikiria mtu wa miaka 45 anayesema meno yake ya chini yameanza kuachana, pete haipiti tena kidoleni, viatu vya zamani vinambana. Taya lake limekua kweli, na kipimo cha eksirei kitaunga mkono M26.03 bila wasiwasi. Msimbo utapita, bima italipa, na uvimbe wa tezi ya pituitari unaomwaga homoni ya ukuaji utaendelea kukaa kichwani bila kuandikwa popote. Angeandikiwa M26.00 huku damu yake ikisubiriwa maabara, faili lingebaki na swali lililo wazi, na mtu fulani angelazimika kulijibu.