Bakuli Lisilale Nje

Chakula cha paka wa mtaani kikilala nje, waalikwa ni wengi kuliko paka. Panya, fungo, kanu, mbweha, na huko Amerika rakuni na posamu, wote hutembea usiku wakifuata harufu, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba sahani ile iliwekwa kwa ajili ya mwingine. Kisha mwenye bakuli huanza kutafuta dawa ya kufukuza, taa ya kutisha, wavu, mtego. Nasema wazi: pesa hizo zisitumike kwanza. Tatizo hili kwa sehemu kubwa ni la kipimo na saa, na vyote viwili vimo mikononi mwa anayelisha.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo wengi hukosea kwa wema. Paka mzima wa kilo 4 huhitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku. Kwa chakula kikavu cha punje ni kama gramu 60. Kwa chakula cha kopo chenye majimaji ni kama gramu 250. Paka 10 basi wanahitaji gramu 600 hivi za punje kwa siku, yaani gramu 300 asubuhi na 300 alasiri. Jike anayenyonyesha huweza kuhitaji mara 2 ya hapo au zaidi, na wakati wa baridi kali kipimo cha wote hupanda. Wanaomimina kwa makadirio, hasa wanaokata tu mdomo wa mfuko na kuuinamisha, mara nyingi hutoa zaidi ya kinachohitajika, na ziada ile ndiyo inayolisha pori. Pima kwa kikombe kimoja kilekile. Ukiona sahani zimekauka ndani ya dakika 20 na paka wamekaa wakijilamba, umepatia. Kikibaki hata robo, punguza kesho. Wakiendelea kulamba sahani tupu na kukuzunguka miguuni, ongeza kidogo.

Saa nayo. Lisha mchana, na uondoe kila kitu ndani ya dakika 30 hadi 60, ukihakikisha ardhi iko tupu angalau saa moja kabla ya giza. Paka hushika ratiba haraka kuliko watu wanavyodhani. Wengi huanza kusubiri mahali pao baada ya wiki moja au mbili. Waliozoea kula usiku wa manane wasihamishwe kwa mkupuo, bali rudisha muda nyuma kwa nusu saa kila baada ya siku 2 au 3 hadi ufike kwenye mwanga. Chakula cha kopo, ambacho harufu yake husafiri mbali, kiwe cha mlo wa kwanza wa siku. Mlo wa alasiri uwe wa punje.

Hapa kila mara huulizwa: na yule mwoga je? Katika kila kundi yupo paka mmoja anayesimama mbali, anayekuja wenzake wakishaondoka na wewe ukishaondoka. Ni kwa ajili yake bakuli huachwa, na huruma hiyo ndiyo mzizi wa mambo yote haya. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Bakuli lililoachwa kwa ajili ya mwoga huliwa na mwenye ubavu, na usiku mwenye ubavu kuliko paka mwoga ni karibu kila mnyama. Akikuta mbweha kwenye sahani hali, huondoka na njaa, na kesho anakuwa mwoga zaidi.

Mara nyingi kinachomchelewesha paka huyo ni wenzake. Sahani moja kubwa hutekwa na madume wawili. Sahani ndogo 5 zilizotengana mita 1 au 2 haziwezi kulindwa na yeyote. Weka moja pembeni kabisa, mita 6 au 7 kutoka kwa nyingine, karibu na kichaka au ukuta anaoutumia kujificha, na uiweke ya kwanza kabla hujawapakulia wengine. Kisha jitenge, ukae mahali unapoona bila kumkabili macho. Siku za mwanzo atachukua dakika 40. Baada ya muda atachukua 10. Asipokuja, chukua sahani uondoke nayo. Paka mzima mwenye afya akikosa mlo mmoja hudhurika kidogo sana kuliko akila kila siku mahali palipogeuzwa kituo cha mbweha.

Na si suala la chakula kupungua tu. Mbweha wa kawaida huweza kuchukua watoto wa paka, na koyote, mbwa mwitu mdogo wa Amerika, huua hata paka wazima, kwa hiyo chakula kinachowavuta huwavuta kwenye meza ambayo walaji wenyewe ni mlo. Wanyama wa jamii mbalimbali wakisongamana sahani moja hung'atana, na kichaa cha mbwa huambukizwa kwa kung'atwa. Aliyeumwa na mnyama yeyote mahali pa kulishia aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo. Mnyama wa pori naye hapati faida: akishazoea watu, kwa kawaida mwisho wake ni mtego au rungu.

Ratiba ya mchana ina udhaifu wake, na anayeiuza kama dawa ya kila kitu anadanganya. Kunguru, nguchiro wengi, tumbili na ngedere hutembea mchana. Kwa hao kuna jambo moja linalofanya kazi kweli, nalo ni kusimama hapo mpaka chakula kiishe. Usipoweza, kwa kunguru sanduku husaidia, kwa kuwa ndege hao hawapendi kuingia chini ya paa la chini ambako hawawezi kuruka ghafla. Lijenge la plaiwudi, urefu sentimita 90, kina 60, kimo 45, paa likitokeza mbele sentimita 20. Liwe na matundu 2 yanayotazamana, kila moja la sentimita 15 hivi. Tundu moja pekee ni kosa la kawaida: paka mbabe hulala mlangoni, na aliye ndani hana pa kutokea. Sahani zikae katikati, mbali na ukingo. Ila tusidanganyane juu ya tundu hilo. Mnyama yeyote mwenye umbo la paka au dogo kuliko paka atapita, na nguchiro atapita akicheka.

Kwa hiyo kabla ya kujenga chochote, mjue mgeni wako. Kamera ndogo yenye kitambuzi cha mwendo ni bora, lakini mchanga laini au unga wa chaki uliotandazwa kuzunguka sahani hutosha. Wayo wa paka ni wa mviringo, upana wa sentimita 3 hivi, vidole 4, bila alama za kucha. Mbweha huacha wayo mrefu kidogo wenye kucha. Nguchiro huacha kucha ndefu zilizotangulia vidole. Rakuni huacha alama ya mkono, vidole 5 virefu kama vya mtoto. Mavi meusi yenye umbo la punje ya mchele mkubwa, sentimita 1 hadi 2, ni ya panya.

Ukigundua ni wanyama wa chini, kama kalunguyeye, nungunungu au fungo, jukwaa litawazuia. Kimo cha mita 1 hadi 1.2 paka mzima hukiruka bila shida. Nguzo iwe moja, ya katikati, iliyovikwa bomba laini la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 15 au zaidi ili kucha zisipate pa kushika, na meza itokeze sentimita 30 kila upande. Iwe mita 2 kutoka ukuta, uzio au tawi lolote. Tawi moja lililosahaulika hubatilisha kazi yote. Jukwaa halimzuii kanu, ambaye hukwea na kuruka kama paka mwenyewe. Vilevile halimfai mtoto wa paka, jike mwenye mimba kubwa wala mzee mwenye maumivu ya viungo, hivyo hao wapewe sahani zao chini wakati wewe upo.

Sisimizi ni rahisi zaidi. Sahani iwekwe ndani ya sinia pana lenye maji, pakiwa na angalau sentimita 3 za maji kila upande, na isiguse ukingo. Jani moja lililodondoka ni daraja, kwa hiyo angalia kila unapopakua. Matone 2 ya sabuni ya vyombo huvunja utando wa juu wa maji na sisimizi huzama badala ya kuelea, lakini ukitia sabuni hakikisha maji safi ya kunywa yapo karibu zaidi na paka kuliko hayo. Maji ya sinia yabadilishwe kila baada ya siku 2 yasizalishe mbu.

Sasa dawa zinazopendekezwa ovyo. Pilipili ndani ya chakula: ndege hawaisikii makali yake, paka anaisikia, kwa hiyo utakuwa umemfukuza mwenye chakula na kumwachia kunguru. Nafthalini, zile tembe nyeupe za kabatini, ni sumu kwa paka. Unga wa wadudu wenye permethrini, ambao hunyunyizwa kwa sisimizi, huweza kumuua paka kwa mitetemeko, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunja. Sumu ya panya humpata paka kupitia panya aliyeila, na bundi vilevile. Taa na kelele hufanya kazi siku chache hadi wageni wazoee. Kwa siku hizo hizo chache paka nao wamekimbia. Wazo la kuwawekea wanyama wa pori chakula chao upande mwingine ili wasiguse cha paka ndilo baya kuliko yote, maana huongeza midomo badala ya kuigawa.

Zoa punje zilizomwagika, hata chache. Usimwage chakula moja kwa moja ardhini. Sinia pana chini ya sahani hurahisisha kukusanya. Osha vyombo kila siku, kwa kuwa sahani tupu yenye mafuta ya samaki bado inanukia. Mapipa ya taka yafungwe, matunda yaliyoanguka yaokotwe. Maji ya kunywa yabaki muda wote.

Ukishabadilisha, usitegemee utulivu usiku wa kwanza. Wanyama wataendelea kuja kukagua, kwa kawaida wiki 2 au 3, na siku za mwanzo watachimbua na kupindua vitu kuliko awali. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudisha bakuli. Mnyama anayepata chakula mara moja moja hushikilia mahali kwa ukaidi kuliko anayekipata kila siku, kwa hiyo kama mnalisha kwa zamu, andikeni mahali nani anaondoa sahani siku ipi na saa ngapi.