Kabla ya Kuandika UTI, Pima Mimba
Maumivu ya tumbo la chini yamepata jina moja katika zahanati zetu: UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mwanamke huingia ameinama, ameshika kinena, na kabla hajaketi sawasawa daftari lake limeshaandikwa. Mimi ni mkunga, na nakiri kwamba nami nimewahi kuandika hivyo.

Ninachohofia ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hutokea takriban mara moja au mbili katika kila mimba 100, na zaidi ya asilimia 90 ya mimba hizo hujishika katika mrija wa uzazi, ambao hauwezi kutanuka kama kizazi. Mara nyingi dalili huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, na mrija ukipasuka damu humwagikia tumboni, huku nje pakionekana matone tu.

Mmoja alinifikia akiwa na siku nne za dozi ya UTI. Alisisitiza kwamba siku zake amezipata, kumbe yalikuwa matone meusi ya kuchafua nguo. Kilichonishtua ni bega: alikataa kulala chali kwa sababu bega la kulia lilimchoma, na nilipovuta kope la chini nilikuta weupe mtupu, dalili ya kupungukiwa damu. Damu iliyojaa tumboni huchokoza kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na mishipa ya fahamu ya kiwambo hutokea shingoni, jirani na ile ya bega. Tulimwekea dripu mikono yote miwili, kipimo cha mimba cha mkojo kikatoa mistari miwili, tukaita gari. Mgonjwa wa namna hiyo hasubirishwi foleni ya ultrasaundi. Anahitaji chumba cha upasuaji na ndugu wa kuchangia damu.

Angepimwa siku ya kwanza, huenda mrija ungekuwa bado mzima, na wapo wanaotibiwa kwa sindano ya methotreksati, dawa inayozuia mimba hiyo kukua, bila kufanyiwa upasuaji, mradi wafuatiliwe kwa karibu. Kumuuliza tu kama ana mimba hakutoshi, hasa mama mkwe akiwa amesimama pembeni. (Nani atajibu ukweli hapo?)

Kipimo chenyewe ni cha bei ya soda. Shida ni kwamba kwetu kinafungiwa katika kabati la kliniki ya wajawazito, na mwenye ufunguo huondoka saa tisa na nusu alasiri.