Dada wa Kazi Aandikiwe Mkataba Siku Anayofika

Ugomvi mwingi kati ya dada wa kazi na mwajiri huzaliwa kabla dada hajashika hata ufagio. Dalali au ndugu anapiga simu Singida au Iringa, nauli inatumwa, binti anashuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam, na begi moja, na mazungumzo yote ya kazi yanaishia hapa: "Utakula, utalala, na mwisho wa mwezi tutaona." Saa za kazi hazikutajwa. Siku ya kupumzika haikutajwa. Nauli ya kurudi ndiyo kabisa, hakuna aliyeifikiria. Tunahimizana sana kuwatendea wema wadada, na wema unatakiwa, lakini binti aliye mbali na kwao anahitaji kwanza karatasi yenye sahihi mbili.

Karatasi hiyo si hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 haikumbagua mfanyakazi wa nyumbani. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina, umri na anwani yake ya kudumu, mahali alikoajiriwa, kazi atakazofanya, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, mshahara na vitu vingine atakavyopewa. Kama hayaelewi, aelezwe kwa namna atakayoielewa. Na kesi ikifika mbele, mwajiri aliyeshindwa kuonyesha maandishi hayo ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha walichokubaliana.

Hapo kwenye "mahali alikoajiriwa" wengi hupita haraka, na ndipo wadada wanapoumia zaidi. Kifungu cha 43 kinasema mfanyakazi akiachishwa kazi mbali na mahali alikoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na mizigo yake hadi huko au amlipe gharama za safari, na amlipe pesa ya kujikimu kuanzia siku ya kuachishwa mpaka siku ya kusafiri. Sasa kama binti alipigiwa simu akiwa kwao Manyoni, lakini hakuna maandishi, mwajiri atadai alimkuta Manzese kwa shangazi yake, na nauli inayodaiwa ni ya daladala. Andikeni mkoa, wilaya na kijiji. Andikeni pia kwamba nauli ya kuja ililipwa na nani, na kama ni mkopo, utakatwa kiasi gani kwa mwezi na utaisha lini. Nauli isiyoandikwa ina tabia ya kukatwa mwezi wa kwanza, wa pili, na wa tatu.

Kuhusu mshahara, hoja inayosikika kila mahali ni kwamba dada anakula na kulala bure, kwa hiyo hata kidogo kinamtosha. Itazame Amri ya Mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023. Kwa kaya ya kawaida, isiyo ya mwanadiplomasia, mfanyabiashara mkubwa au kiongozi anayestahili mtumishi, ilimwekea dada asiyeishi kwa mwajiri shilingi 120,000 kwa mwezi, na anayeishi humo shilingi 60,000. Yaani anayelala kwako ameshapungukiwa nusu nzima kabla hujamkatia chochote. Anayempa 40,000 kwa kisingizio cha ugali anamtoza chakula kilekile mara mbili. Viwango hivi hupitiwa upya, kwa hiyo angalia amri inayotumika mwaka unaoajiri.

Halafu kuna saa. Ukomo wa kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Dada anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuandaa watoto wa shule na kulala saa tano usiku baada ya kuosha vyombo, hata ukimtolea muda wote wa kukaa na kula, hakosi saa 12 za kazi kamili. Kwa siku sita ni saa 72, zimezidi 27. Piga hesabu kwa mshahara ule wa 60,000 wa amri ya 2022: gawanya kwa wiki 4.333, kisha kwa saa 45, unapata kama shilingi 308 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, karibu 462. Saa 27 kwa wiki zinafika karibu 54,000 kwa mwezi. Mshahara wake halali unakaribia kuwa mara mbili, na hata hivyo sheria inaruhusu saa 50 tu za ziada kwa wiki nne, ilhali hizi ni 108. Dawa ni kupunguza kazi. Baba avae viatu alivyojipigia dawa mwenyewe, na watoto wakubwa waoshe vyombo vya usiku.

Mapumziko ya kila siku, kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, ni saa 12 mfululizo. Yanaweza kushushwa hadi 8 kwa anayeishi mahali pa kazi, lakini kwa makubaliano ya maandishi tu. Kwa hiyo hata mwajiri anayetaka dada aamke mapema anaihitaji karatasi. Na dada anayelala na mtoto mchanga anayelia kila saa mbili hajapumzika. Hilo liandikwe kama kazi.

Makato yanahitaji jicho kali. Gauni limeungua kwa pasi, simu imeangukia kwenye maji, mwezi mzima unapotea. Kifungu cha 28 kinadai kosa liwe kweli la mfanyakazi, apewe kwa maandishi sababu na hesabu ya deni, apate nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kuhusu mtindo wa mwajiri kumwambia dada "nakuwekea, utachukua ukienda Krismasi", mimi naukataa kabisa. Pesa ikikaa kwa bosi, dada hawezi kuondoka hata akipigwa.

Binti wa chini ya miaka 14 haajiriwi kwa namna yoyote. Wa 14 hadi 17 anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomzuia shule, na kulea mtoto tangu alfajiri hadi usiku si kazi nyepesi.

Mambo yakiharibika, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na madai mengine ndani ya siku 60. CHODAWU, chama kinachowaunganisha pia wafanyakazi wa majumbani, husaidia kuyaandaa. Kinachowakwamisha wengi ni fomu yenyewe: inataka jina kamili na anwani ya mwajiri, naye dada amekaa miaka miwili akimjua kama Mama Junior. Kwa hiyo karatasi ya siku ya kwanza ibebe majina matatu ya mwajiri, namba yake ya simu, mtaa na namba ya nyumba. Dada aipige picha na kuituma kwa ndugu yake kijijini. Mshahara utumwe kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la dada mwenyewe, ujumbe wa muamala usifutwe. Asiye na kitambulisho cha NIDA cha kusajilia laini asaini daftari kila mwezi pamoja na mwajiri, na daftari likae kwake.